Mgeni kwa gemu asikimbilie ufundi, auze malighafi kwanza

Kwa Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi niseme na vijana wetu hapa Mombasa wanaoanza kucheza hizi gemu za RPG za mtandaoni, na niseme pia na wale wakongwe wanaowafunza, manake kuna ushauri unazunguka mitaani kutoka Majengo mpaka Bamburi na naona unawaumiza wageni. Ushauri wenyewe ni huu, ati ukianza tu chukua ufundi, uwe mhunzi au mshonaji au mtengeneza dawa, tengeneza vitu, peleka sokoni, utatajirika. Nasema hapana. Kwa mgeni ufundi wa kuuza haulipi, na kwa gemu nyingi unamfilisi kabisa kabla hata hajaonja utamu wa gemu yenyewe.

Kwa msomaji asiyecheza nieleze kidogo. Hizi gemu unaingia na karekta wako, unakutana na maelfu ya watu wengine mle ndani, unapewa kazi, unapigana na majitu, unapanda leveli, na kuna soko ambapo wachezaji wanauziana vitu kwa pesa za gemu. Kuna wa kuchimba madini, kuna wa kuchuma mitishamba, kuna wa kuchuna ngozi, halafu kuna ufundi wenyewe wa kugeuza hayo mavuno yawe upanga, nguo, dawa. Ni huo ufundi ndo nazungumzia.

Sababu ya kwanza iko wazi ukiangalia ujuzi unavyopanda. Chukua World of Warcraft, iliyotoka 2004 na mpaka leo ina watu, hasa ile ya Classic, yaani toleo la zamani lililorudishwa. Mle kila resipi, yaani maelezo ya kutengeneza kitu, ina rangi, ikiwa ya chungwa ukitengeneza kitu kimoja ujuzi unapanda bila wasiwasi, ikigeuka manjano unapanda mara nyingi ila si kila mara, ikiwa kijani ni bahati yako, na ikishakuwa kijivu hata utengeneze mpaka asubuhi hupandi. Sasa mtu anayepandisha uhunzi analazimika kutengeneza mishipi ya shaba moja baada ya nyingine, si kwamba kuna mtu ameiagiza, anataka tu ujuzi upande, na hiyo mishipi ataifanyia nini? Anaimwaga mnadani kwa bei yoyote. Na si yeye peke yake, kila mhunzi kwenye seva amepitia hapo hapo. Ndo unakuta kurasa kwa kurasa za mshipi mmoja huo huo, kila mmoja amepunguza kidogo chini ya mwenzake, na mnunuzi hayuko, kwani nani atalipia mshipi wa leveli ya chini wakati kazi mbili tatu za mbele atapewa mwingine bora zaidi bure? Juu ya hayo ule mnada unakata asilimia 5 kwa kila kitu kikiuzwa, na kisipouzwa ile amana uliyoweka inakwenda. Mgeni anarudisha mshipi wake sokoni tena na tena na kila akirudisha anakatwa.

Upande wa pili wa soko hilo hilo mambo ni mengine kabisa, na hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Shaba yenyewe, kitani chenyewe, ngozi zile nyepesi za mwanzo, vinanunuliwa. Na wanaonunua ni matajiri. Mtu ameshafika leveli ya mwisho, ana pesa za kumwaga, sasa ameanzisha karekta wa pili au amebadilisha ufundi, anahitaji rundo la shaba apite ile hatua ya mwanzo upesi na hana hamu ya kurudi kwenye vilima vya wageni kuchimba na sururu. Wewe mgeni uko pale pale kwenye vilima, unapita hata hivyo ukifanya kazi zako, kila jiwe unaloligonga kuna mtu analitaka. Yaani umekaa juu ya mali halafu unaichukua unaigeuza iwe mshipi usiotakiwa na mtu. Hiyo ndo inaniuma.

Utasikia kijana akwambia, lakini mimi shaba sikununua, nimechimba mwenyewe, ni bure, kwa hivyo nikiuza mshipi kwa bei yoyote ni faida. Wallahi hili ndo kosa kubwa kuliko yote. Mama wa mahamri pale Mwembe Tayari hata kama unga amepewa na nduguye hawezi kukubali mahamri yauzwe chini ya bei ya unga, siku unga ukiwa juu kuliko mahamri atauza unga na alale. Kitu ulichookota kikishakuwa na bei sokoni, hiyo bei ndo gharama yako, ukikitumia umeila. Kwenye EVE Online, gemu ya kampuni ya CCP ya Iceland iliyoko tangu 2003, ambako karibu kila meli unayoiona angani imeundwa na wachezaji, hili ndo somo wakongwe wanarudia kwa kila mgeni, kwamba madini uliyochimba mwenyewe si ya bure, na bado kila mwaka wanakuja wapya na hesabu ile ile.

Mtoto wa dadangu anakaa Tudor, likizo iliyopita nilimkuta kwa laptopu ameinamia anagonga mishipi, jasho linamtoka maana stima ilikuwa imepotea na feni imesimama na betri inaisha. Begi lake la gemu limejaa. Nikamuuliza mshipi unauza ngapi, akanijibu haraka. Nikamuuliza shaba inauzwa ngapi mnadani, hajui. Hajawahi kuiangalia! Nikamwambia mjomba andika hapo jina la shaba utafute, akaandika, ikatokea, akatoa simu akapiga hesabu ya vipande vinavyoingia kwa mshipi mmoja, akarudia hesabu, akaniangalia. Kila mshipi alioutengeneza ulikuwa unauzwa chini ya shaba iliyomo ndani yake. Vipande vilivyobaki akaviweka sokoni vilivyo, vingine vikaenda jioni ile ile kabla hatujala. Sasa ana daftari la shule, kurasa za nyuma, upande mmoja bei ya malighafi upande wa pili bei ya kitu kilichotengenezwa, na kabla hajagonga nyundo anafungua hapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hata hizi mali za kwenye skrini ni hivyo hivyo.

Wengi hapa kwetu hawana laptopu, wanacheza kwa simu, na Old School RuneScape nshaona inapendwa kwa sababu imeingia kwa simu tangu 2018 na ina sehemu ya bure. Huko mgeni anaumia kwa njia nyingine. Jiwe la chuma ukilitia kwa tanuri la kawaida, nusu ya wakati linaharibika, jiwe limekwenda na kipande cha chuma hupati, isipokuwa umevaa pete maalum ya kuzuia hilo. Kwa hivyo mgeni anayechimba mzigo wa mawe na kwenda kuyeyusha yote bila kujua anaweza kurudi na nusu tu. Angeyauza mawe vile yalivyo au angengoja mpaka aweze kuchanganya na makaa ya mawe, jiwe 1 la chuma kwa makaa 2, apate chuma cha pua ambacho hakiharibiki kwenye tanuri. Na kuna jambo jingine watu hawaliangalii, kule Grand Exchange, yaani soko la mle, mwenye akaunti ya bure ana nafasi 3 tu za kuweka oda na mwenye kulipia ana 8. Nafasi 3! Ukijaza moja na majambia ya shaba nyeusi ambayo hakuna anayeyataka, umejifungia theluthi ya biashara yako kwa jambia.

Najua kuna watakaonijibu na Albion Online, na wana haki ya kuuliza, maana ile gemu ya jamaa wa Berlin iliyotoka 2017 na kuja kwa simu rasmi 2021 imejengwa juu ya ufundi. Karibu silaha na nguo zote mle zinatengenezwa na wachezaji, na ukiuawa maeneo ya hatari unapoteza ulichovaa chote, kwa hivyo kila siku vitu vinapotea na kila siku watu wananunua upya. Soko halilali. Sasa si hapo mgeni afanye ufundi? Ngojeni kwanza. Mle ukisafisha malighafi, yaani kuigeuza iwe tayari kwa ufundi, au ukitengeneza kitu, gemu inakurudishia sehemu ya ulichotumia, na hiyo sehemu ndo faida yenyewe. Ukisafishia kwenye mji wa kawaida unarudishiwa asilimia 15 hivi, ukisafishia kwenye mji wenye bonasi ya malighafi hiyo inafika 36 hivi, na mwenye premium, yaani uanachama wa kulipia, anapata pointi 10,000 za fokasi kila siku ambazo akizitumia sehemu anayorudishiwa inapita asilimia 50. Halafu ushuru wa kuuza kwa asiye na premium ni mara mbili ya mwenye nayo. Basi mgeni wa akaunti ya bure anatengeneza shati lile lile analotengeneza fundi wa miaka, ila yeye limemgharimu malighafi nyingi zaidi na akiliuza anakatwa zaidi. Atashindana vipi? Fundi yule anaweza kuuza chini ya gharama ya mgeni na bado akapata faida nzuri.

Mgeni wa Albion faida yake iko kwenye kuchuma na kujua pa kupeleka. Wanaosafisha mbao wamejaa Fort Sterling kwa sababu bonasi ya mbao iko huko, wa ngozi wako Martlock, wa madini wako Thetford, wa pamba na nyuzi wako Lymhurst, wa mawe wako Bridgewatch. Ukichuma ngozi halafu ukaiuza kwenye mji wowote uliokaribia unaacha pesa njiani mara nyingi, angalia kwanza bei ya Martlock. Hapo mgeni anajifunza biashara ya kweli kabisa, ya bei kutofautiana mji na mji, na hajagusa nyundo bado. Zile zana za mwanzo gemu inazokuagiza utengeneze, shoka na sururu na nguo za kwanza, tengeneza bila wasiwasi, hizo ni za kufungulia njia.

Na hapa lazima niseme wazi nisije nikaeleweka vibaya, sipingi ufundi. Napinga mgeni kuufanya biashara yake ya kwanza. Ufundi wa kujitumikia mwenyewe ni jambo lingine na nauunga mkono kwa mikono miwili. Kwa World of Warcraft ya Classic, mkoba wa kitani unahitaji majora 3 na nyuzi 3, kila jora ni vitambaa 2, yaani vitambaa 6 ambavyo unaviokota kwa majambazi unaowapiga hata hivyo, na unapata nafasi 6 zaidi za kubebea. Kwa mgeni ambaye begi linajaa kila dakika analazimika kutupa vitu au kurudi mjini, huo mkoba una thamani kuliko upanga. Hata kama wewe si mshonaji mpe mwenzako kitani akushonee. Bendeji nazo, huduma ya kwanza haihesabiwi kwenye zile fani mbili kubwa unazoruhusiwa, kila mtu anaweza kuichukua, na mpiganaji asiye na uchawi wa kujitibu anaweza kufunga kidonda akaendelea bila kukaa chini muda mrefu. Kupika vile vile. Hivyo vitu huvipeleki sokoni, unavitumia, kwa hivyo bei yake sokoni haikuhusu sana.

Kuna na mahali pengine ambapo mgeni ni lazima aanze ufundi siku ya kwanza, na wakongwe wengi hawalisemi hili. Ni Elder Scrolls Online. Mle kuna utafiti wa sifa za silaha na nguo, unachukua kitu chenye sifa fulani unakiharibu kwa meza ya ufundi, fundi anajifunza, lakini inachukua muda wa saa ya kweli ya ukutani. Sifa ya kwanza ni saa 6, ya pili 12, ya tatu 24, inaendelea hivyo kujirudia maradufu mpaka ya tisa ambayo ni siku 64. Siku 64 kwa aina moja tu ya silaha! Na inaendelea hata ukiwa umezima kompyuta umelala au uko shuleni. Sasa hiyo haikugharimu chochote zaidi ya kile kitu ambacho ungemuuzia mwenye duka kwa bei ya kutupa, kwa hivyo kila siku usiyoanzisha utafiti imekupita. Mgeni wa gemu hiyo aanzishe utafiti kabla ya kuzima, halafu aendelee na hadithi yake.

Na wale wanaopenda ufundi wenyewe siwagusi. Final Fantasy XIV ina fani 8 za ufundi na 3 za kuchuma, kila moja ina leveli zake na hadithi yake kama fani za kupigana, mtu anaweza kucheza huko bila hata kushika silaha siku nzima. Ile akaunti ya majaribio inakufikisha leveli 70 bila kulipa, ila haikuruhusu kutumia soko la wachezaji, kwa hivyo anayekwambia uanze ufundi mle kwa ajili ya kutajirika na wewe uko majaribio hajui anachosema. Fanya kwa sababu unafurahia.

Kwa nini nimeandika gazetini badala ya kuyasema mabarazani tu? Kwa sababu mambo haya hayaishii kwa gemu. Nshaona kinachofuata mtoto akishafilisika mle ndani. Amepoteza wiki nzima na bando la mzazi, pesa za gemu hana, wenzake wamemwacha leveli nyingi, anaona aibu, na hapo ndo anatokea mtu kwa WhatsApp akwambia nitakuuzia dhahabu ya gemu, tuma M-Pesa. Ni kinyume cha sheria za gemu nyingi, akaunti inaweza kufungwa na kila kitu kikaenda, na mara nyingi hizo dhahabu zimetoka kwa akaunti za watu zilizoibwa au kwa maroboti. Wengine wakishapokea pesa wanakublock hata dhahabu huioni. Zipo gemu zenye njia halali ya kununua, kama tokeni ya World of Warcraft au bondi za RuneScape, lakini hata hizo ni shilingi za kweli zinatoka kwa mzazi wa kweli, na mtoto aliyefunzwa kuuza shaba yake tangu mwanzo hana haja nazo. Wazazi mkiona mtoto anaomba omba hela ndogo ndogo za M-Pesa na hasemi za nini, muulizeni kuhusu gemu kwa upole, msimkemee, atawaambia.

Kwenu wakongwe, nyinyi mnaokaa na wageni kwenye saiba na vibarazani mkiwafungulia akaunti, ombi langu ni moja. Mgeni akikuuliza achukue fani gani, mwambie achukue mbili za kukusanya, madini na ngozi au madini na mitishamba, auze kila kitu mpaka aweze kununua mnyama wake wa kupanda na mikoba mizuri, na muda huo wote awe anaangalia bei. Akishazijua bei bila kuuliza mtu, hapo abadilishe fani moja achukue ufundi, na atakuwa anajua ni kitu gani kinanunuliwa na nani. Msimpe ushauri wa ufundi kwa sababu nyinyi mnapata faida nao, nyinyi mna resipi adimu na mtaji na wateja wa kila wiki, yeye ana nyundo tu. Na kama mnahitaji shaba, nunueni kwake kwa bei ya soko, msimwambie ati awaletee bure mtamtengenezea kitu.

Mhariri, mkipata nafasi kwenye kurasa zenu za vijana muwaite wachezaji wa hapa pwani waeleze jinsi wanavyosoma soko la gemu wanayocheza, kila mmoja na gemu yake. Mimi niko tayari kuanza na Albion.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa